Majina matatu kwa mpangilio wa alfabeti

Kuna siku niliambiwa niandae orodha ya majina matatu. Nilikuwa sekretarieti ya jopo la usaili, yaani yule kijana wa kupanga viti, kugawa fomu za alama, kukusanya fomu, kujumlisha, kuandika muhtasari alafu kukaa kimya. Nafasi ilikuwa ya mkurugenzi, wamesailiwa watu saba, na wa kwanza alimwacha wa pili kwa alama 11, ambazo kwa usaili wa ngazi ile ni nyingi sana, mara nyingi mnakuta watu wamepishana mbili tatu mnaanza kubishana. Nikaichapa orodha vizuri kabisa, wa kwanza, wa pili, wa tatu, alama pembeni. Bosi akaisoma, akanirudishia, akasema toa alama, alafu panga kwa alfabeti. Nikamuuliza kwa nini, akacheka kidogo. "Mdogo wangu, wakubwa hawapendi kupangiwa."

Basi nikapanga kwa alfabeti. Aliyeongoza jina lake linaanza na W, kwa hiyo akashuka mpaka chini, na aliyekuwa wa tatu akapanda juu kabisa. Wiki kadhaa baadae karatasi ikarudi ina tiki moja ya wino wa kijani pale juu.

Sijui kama yule aliyetikiwa alikuwa na mtu wake huko juu au mwenye kalamu alitiki tu jina la kwanza aliloliona, na hapo ndo panaponiuma mpaka leo, kwamba karatasi niliyoichapa mwenyewe kwa vidole vyangu ilihakikisha hakuna atakayejua.

Naandika hili kwa sababu kila ikitoka taarifa ya teuzi, mtandaoni watu wanagawanyika palepale, huku wale wa "hongera sana, chaguo sahihi", kule wale wa "huyo si mtoto wa fulani huyo". Pande zote zinaamini kuna milango miwili, wa sifa na wa siasa, na mtu kapita mmojawapo. Mi nilivyoona kwa miaka niliyokaa kwenye hizi kazi mlango ni mmoja. Sifa zinakufikisha chumbani, siasa inachagua nani atoke na barua, na ugomvi wote wa maana upo pale katikati, kwenye ile karatasi inayotoka kwa jopo kwenda kwa mamlaka ya uteuzi: ina majina mangapi, yamepangwaje, na nani atakuja kuiona baadae. Watu wanapigia kelele jina, hakuna anayeuliza karatasi.

Wachina hili tatizo walilijua zamani sana. Enzi za utawala wa Song, karibu miaka 1,000 iliyopita, karatasi za mtihani wa kuingia serikalini zilikuwa zinazibwa jina, na haikuishia hapo, makarani walikuwa wanayanakili majibu upya neno kwa neno ili msahihishaji asitambue hata mwandiko wa mtu. Hebu fikiria hiyo kazi, bila kompyuta. Mfumo ule ulidumu mpaka 1905. Ila angalia, mtihani ulikuwa ni wa kuingia. Kupanda mpaka kileleni hakuna namna ya kuziba jina, anayekuchagua anakujua sura na anakumbuka ulisimama upande gani siku mambo yalipoharibika.

Waingereza nao 1854 walipelekewa ripoti ya mabwana wawili, Northcote na Trevelyan, iliyosema wazi kwamba ajira za serikali zimekuwa kimbilio la wavivu na wasio na uwezo kwa sababu zinagawiwa kwa kujuana, na kwamba watu waingie kwa mtihani na wapande kwa sifa. Mwaka uliofuata ikaundwa tume ya utumishi, lakini mtihani wa ushindani wa wazi kwa sehemu kubwa ya serikali ulikuja kuanza 1870, miaka 16 baada ya ripoti. Ukiwa mtumishi popote duniani hiyo miaka 16 haikushangazi hata kidogo.

Marekani ndo ilibidi mtu afe. Tangu enzi za Andrew Jackson, aliyeingia madarakani 1829, ilishakuwa kama sheria kwamba chama kikishinda kinafukuza watu wa chama kilichoshindwa na kujaza wa kwake, mpaka makarani wa posta. Sasa 1881 kuna jamaa anaitwa Charles Guiteau, alikuwa ameandika hotuba moja ya kumuunga mkono James Garfield kwenye kampeni, hotuba ambayo hata haikusikika na watu wengi, akajiaminisha kwamba yeye ndo kampa Garfield urais, kwa hiyo anastahili apewe ubalozi mdogo wa Paris. Akawa anashinda maofisini kwa wakubwa kuuliza barua yake imefikia wapi, siku baada ya siku, mpaka akaambiwa asirudi tena. Julai 2 akampiga risasi rais kwenye stesheni ya treni, na Garfield akafa Septemba. (Kila nikiona mtu kwenye korido la wizara na bahasha ya kaki anasubiri kumuona mkubwa namkumbuka Guiteau, Mungu anisamehe.) Aliyekuja kusaini sheria ya Pendleton ya 1883, ya kutaka ajira kwa mtihani, ni Chester Arthur, ambae mwenyewe alikuwa mkubwa wa forodha ya New York, sehemu iliyojulikana nchi nzima kwa kugawa kazi kwa watu wa chama. Mtoto wa mfumo wenyewe ndo kaufunga mlango.

Ila alifunga mlango wa chini. Sheria ilianza na kama sehemu moja ya kumi tu ya nafasi, ikapanuka taratibu miaka mingi, na juu paliachwa wazi makusudi mpaka leo, rais mpya wa Marekani anaingia na nafasi karibu 4,000 za kuteua na zaidi ya 1,000 kati ya hizo lazima zipite Seneti. Na mpaka wenyewe kati ya nafasi za siasa na za weledi unasogezwa. Oktoba 2020 Donald Trump alitoa amri ya kundi jipya, Schedule F, ya kuwahamisha watumishi wanaogusa sera wawe rahisi kuondolewa, Joe Biden akaifuta Januari 2021, Trump akairudisha Januari 2025, na safari hii serikali yenyewe ikakadiria itagusa watu kama 50,000. Kwa hiyo wanaodhani wenzetu walishamaliza hili jambo hawajamaliza chochote.

Wajerumani mi nawapenda kwenye hili kwa sababu hawajifichi. Wana kundi la watumishi ambao sheria yenyewe inawaita maafisa wa kisiasa, makatibu wakuu na wakuu wa idara kubwa za wizara, na mmoja wao anaweza kupumzishwa wakati wowote bila kutolewa sababu, analipwa mafao yake ya kustaafu kwa muda, maisha yanaendelea. Unaingia unajua kiti kina magurudumu. Sisi wengine tunamtengua mtu usiku alafu taarifa inaandikwa "atapangiwa kazi nyingine", na kuna watu nawafahamu hiyo kazi nyingine wameisubiri miaka, wanakuja ofisini asubuhi hawana meza, wanasoma magazeti masijala, wanaondoka mchana.

Sasa niongelee kitu ambacho wengi nje hawakioni. Kukaimu.

Mkurugenzi kastaafu, nafasi iko wazi, usaili haujatangazwa. Kazi haiwezi kusimama kwa hiyo anaandikiwa mtu barua ya kukaimu. Hiyo barua haina tangazo, haina usaili, haina alama, ni aya mbili na sahihi. Anaambiwa ni miezi sita. Miezi sita inakuwa mwaka, mwaka unakuwa miwili, yeye ndo anakaa kwenye vikao na waziri, yeye ndo anasafiri, yeye ndo anajua bajeti, jina lake ndo wahisani wanalijua. Siku usaili ukitangazwa, kigezo namba moja ni uzoefu kwenye majukumu ya ngazi hiyo. Na hapo anashinda kihalali! Jopo litampa alama nyingi na litakuwa sawa kabisa, kweli anaijua kazi kuliko wenzake wote. Siasa ilishapita miaka miwili nyuma kwenye ile barua ya aya mbili, usaili unakuja tu kuipigia muhuri wa sifa.

Hata mimi nimekaimu, miezi 26, nisijifanye mtakatifu hapa. Nilisaini "Kny", yaani kwa niaba ya, kwenye barua za serikali mpaka mkono ukazoea, nikaanza kuiandika hata kwenye kadi za michango ya harusi. Nilipewa kwa sababu bosi wa wakati huo alikuwa ananiamini, basi, hakuna kingine. Kulikuwa na dada mmoja amenitangulia kwenye tange, ile orodha ya ukongwe kazini, kwa miaka minne na anaandika vizuri kuliko mimi, ila alikuwa na tabia ya kumwambia bosi kwenye kikao kwamba takwimu zake zina makosa. Alafu bosi akaondoka, akaja mwingine na mtu wake, nikarudishwa kwenye meza yangu ya zamani kwa barua nayo ya aya mbili, na nililalamika sana nyumbani kwamba nimefanyiwa siasa. Mke wangu akaniuliza, na ulivyopewa ilikuwa nini?

Nikanyamaza.

Chile walikutana na hichohicho. 2003, baada ya kashfa ya maafisa kulipwa pesa za pembeni juu ya mishahara, walitunga sheria nzuri ya kuwapata wakurugenzi wa taasisi za umma kwa ushindani, lipo baraza linalochuja, linapeleka orodha fupi kwa mwenye mamlaka, anachagua humo. Watu wakaisifu. Kumbe sheria ilikuwa na kadirisha kadogo kanakoruhusu kuteua mtu wa muda wakati mchakato unaendelea, na serikali zote mbili, za kushoto na za kulia, zikaingilia kwenye hako kadirisha, ukisikia mchakato umeanza tayari mtu kashakaa kwenye kiti. Ilibidi 2016 sheria ibadilishwe kukaziba. Niliposoma hiyo habari nilicheka peke yangu ofisini.

Njia nyingine ni dawati la waziri. Kijana kachukuliwa ofisini kwa waziri kama msaidizi, miaka mitatu anabeba mafaili na simu, anaona maamuzi makubwa yanavyofanyika, anajuana na kila katibu mkuu. Akirudi idarani kweli anakuwa amewazidi wenzake kwa kuona mbali, huwezi kusema hana sifa. Ila nani alimchagua aende kuzipata hizo sifa? Ufaransa mawaziri wana ofisi zao za aina hiyo, na kupita pale ni njia inayojulikana kabisa ya kupandia vyeo vikubwa. Na kuna tangazo la kazi nalo, lile lililoshonwa kama suti. Nimewahi kuona rasimu ya tangazo inasema uzoefu wa miaka 10, ikarudi imekatwa kwa kalamu imekuwa 8, na ukimjua mtu mmoja fulani na mwaka alioajiriwa huhitaji kuuliza swali.

Lakini sitaki niishie kulia tu, maana nimeona pia upande wa pili na ungekuwa uongo nisiuseme.

Mkurugenzi bora kuliko wote niliofanya nao kazi aliletwa na siasa. Alitoka nje kabisa, hajapitia madaraja, siku anaripoti watu walinuna idara nzima na mimi nikiwemo, na watu wa tange walikuwa wamenuna kuliko wote. Baada ya mwezi waziri akataka tulipe mkandarasi kabla kazi haijakaguliwa. Yule mzee akachukua simu mbele yetu, akasema, "Ndugu yangu, hii nikisaini tutaumia wote wawili, nipe wiki mbili." Akakata, tukaendelea na kikao. Aliweza kusema hapana kwa sababu aliyemleta anamwamini. Waliomtangulia, wenye alama zao safi na miaka yao 25, hawakuwahi hata mmoja kumpigia waziri simu moja kwa moja, walikuwa wanaandika "naomba maelekezo" alafu wanasubiri. Alama za usaili zinapima mtu anavyoongea kwa dakika 40, na ukongwe unapima amekaa muda gani, tena hicho cha pili nakiona kinabatizwa jina la sifa kila siku. Na mwanasiasa aliyechaguliwa na wananchi ana haki ya kutaka juu kabisa akae mtu atakayemtekelezea ahadi zake, sio mtu atakayemkalia mafaili mpaka uchaguzi ujao.

Tatizo linakuja huyo anayeaminika anapokuwa hana kingine zaidi ya kuaminika, yaani chawa. Na gharama yake mi nimeiona sehemu moja ambayo haitoki kwenye ripoti yoyote, kwenye unene wa mafaili. Zamani ukifungua faili la jambo kubwa unakuta dokezo la afisa anasema hili nashauri lisifanyike kwa sababu moja mbili tatu, bosi wake kaandika chini hapana endelea, wote wamesaini, tarehe ipo. Watu walipoanza kuona nani anapanda na nani anabaki, madokezo yakaanza kuisha. Ushauri ukawa wa mdomo, koridoni, au simu ya "njoo mara moja". Faili linabaki na barua iliyoingia na barua iliyotoka, katikati hamna kitu. Watafiti waliofuatilia maafisa wa utawala wa India kwa miaka mingi waliona hivyohivyo kwa namna yao: kila mkuu mpya wa jimbo akiingia uhamisho unapanda, na wachanga wanachagua mapema, kuna wanaowekeza kwenye ujuzi na kuna wanaowekeza kwenye kumfuata mtu, na njia zote mbili zinaweza kukufikisha kwenye nafasi nzuri. Mtoto wa miaka 25 anayeanza kazi leo anaisoma hiyo hesabu haraka kuliko semina yoyote ya maadili.

Na kuondolewa kunafundisha kuliko kuteuliwa. Septemba 2022 serikali ya Liz Truss kule Uingereza ilimwondoa Tom Scholar, katibu mkuu wa hazina, mtu wa miaka mingi mwenye uzoefu wa kushughulikia misukosuko ya fedha, siku za mwanzo kabisa za serikali mpya. Mwezi huohuo bajeti yao ndogo ikatoka na masoko yakachafuka. Siwezi kusema angekuwepo yasingetokea, ila waliobaki kwenye lile jengo waliona kilichompata, na mtu akishaona anapima maneno. Nchi hiyohiyo mwisho wa 2014 ilikuwa imeshabadili karatasi: kwa makatibu wakuu jopo likaanza kumpelekea waziri mkuu majina ya wote waliofaa achague, badala ya kumpa jina moja. Unaona? Idadi ya majina kwenye karatasi.

New Zealand ndo wamenifurahisha zaidi. Sheria yao ya 1988 ilisema kamishna wa utumishi anapendekeza jina la mkuu wa idara, na mawaziri wanaweza kulikataa wakaweka wanayemtaka, hawajanyimwa, ila wakifanya hivyo lazima itangazwe kwenye gazeti la serikali. Basi. Siasa ruksa, ila kwa jina lako na tarehe. Kenya kwenye katiba ya 2010 nao waliweka hatua za wazi kwa makatibu wakuu, tume ya utumishi inapendekeza, rais anateua humo, bunge linaidhinisha, na majina ya wanaoitwa kwenye usaili yanatoka gazetini watu wanayasoma. Bado siasa ipo, nani asiyejua, lakini walau mtu aliyeachwa anajua aliachwa kwenye hatua ipi.

Mwaka jana nikapewa tena sekretarieti ya jopo. Kijana sio mimi tena, kuna mtoto wa kupanga viti, mi najumlisha na kuandika. Watatu wa juu walipishana kidogo, 82, 80, 74. Nikachapa na alama. Bosi, huyu ni mwingine, akaniambia kwa sauti ya kirafiki kabisa, ndugu yangu, zile alama zitoe alafu panga kwa alfabeti kama kawaida yetu. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda ni kwa sababu kustaafu kunakaribia, nikamwambia sawa mheshimiwa, naomba tu uniandikie hapo kwenye dokezo nitoe alama, nitatoa sasa hivi. Nikamsogezea faili. Akachukua kalamu kabisa, akaifungua, akaangalia ile nafasi nyeupe chini ya maandishi yangu kwa muda hivi, alafu akaifunga. Akasema basi acha, ziende hivyohivyo.

Zikaenda. Jina lililorudi ni la yule wa 80. Wa 82 mpaka leo anakaimu idara nyingine, na kwa nini ilikuwa hivyo hakuna aliyeandika. Alama ziko folio 41.